Mkebe wa Ugoro wa Cucu Wangui

Mpaka leo nikisikia kucha ikigonga bati, tak, tak, tak, maneno hunikauka mdomoni. Wajukuu wangu hucheka, wakidhani uzee umenifikia. Wao bado wadogo, basi acha niwaeleze ninyi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nina umri wa miaka saba. Tuliishi katika kambi ya vibarua kwenye shamba la mzungu, milimani juu ya Nakuru, ambako ukungu ulikaa hadi adhuhuri na kila kitu, hata uji, kilinukia maua ya pareto. Jirani yetu alikuwa Cucu Wangui, bibi kizee asiye na mtoto, ambaye kambi nzima ilimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Kabla ya kufungua mkebe wake wa ugoro aliugonga kwa kucha mara tatu. Akipiga chafya, kuku wote walitimua mbio. Nilimpenda sana.

Akaugua, akaacha kula. Wazee wetu walikuwa na mwiko: mtu akifia nyumbani, nyumba huchomwa. Lakini nyumba zile zilikuwa za mzungu, na nani angethubutu kuwasha kiberiti? Basi asubuhi moja baba na wenzake wakambeba Cucu kwa blanketi, wakamlaza katika kibanda kikuukuu mwisho wa shamba, wakamwashia moto wa kuota, wakarudi bila kugeuka nyuma.

"Cucu ameshaenda," mama aliniambia. "Usikanyage huko."

Tukaenda kuchuma pareto, upande huo huo wa shamba. Ukungu ulikuwa mzito, hata mama nilimwona nusu nusu. Ndipo nikasikia: tak, tak, tak.

Wanawake wote waliacha kuchuma. Kisha mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaupokea, wakaimba kwa sauti ya juu mno, isiyo na furaha hata kidogo. Kila waliponyamaza kuvuta pumzi, tak, tak, tak.

"Mama, Cucu anagonga."

"Husikii kitu. Chuma!"

Nilikiogopa kibanda, na fimbo ya mama niliiogopa zaidi. Lakini nilijua, kama nilivyojua jina langu, kwamba mtu aliye hai haachwi peke yake. Hakuna aliyekuwa amenifundisha hilo. Nikaweka kikapu chini, nikaenda.

Moto ulikuwa umezimika. Cucu alilala macho wazi, mkebe kifuani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu, Cucu."

Akanishika mkono. Kucha yake ikahama kutoka kwenye mkebe, ikawa inagonga kiganja changu, polepole, mpaka ikatulia. Nilibaki pale hadi baba aliponijia. Mama alininawisha kwa majivu mara tatu, kuniondolea mkosi wa kifo, na hakunichapa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mtu aliye hai haachwi. Nilijivunia jambo hilo kimoyomoyo, na mama sikumsamehe. Kisha akaja kuugulia kwangu, mtaa wa Free Area mjini Nakuru, akiwa mkongwe. Alasiri moja kucha yake ilianza kugonga chuma cha kitanda, mara tatu.

"Unataka maji, mama?"

"Hapana. Siku ile nilisikia. Tulisikia sote. Ulidhani tuliimba kwa nini?"

Nililia, kwa sababu nilikuwa nimemhukumu mtu aliyejua kile kile nilichojua, ila akaogopa.

"Leo usiende kuchuma," akasema.

Pareto ilikuwa imeng'olewa zamani. Nikamshika mkono, nikamwambia siendi.