Kuogesha Moteri na Mama Mkwe

Bwana wangu alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja, nayo ilikaa uani juu ya magurudumu manne. Siku za kazi alichukuliwa na gari la ofisi, na gari lake mwenyewe likabaki nyumbani kwetu, mtaa wa Muhumba, likiota jua. Mimi, mwalimu wa darasa la pili, nilikwenda shuleni kwa miguu, kikapu cha madaftari kichwani na matope hadi kwenye mashavu ya miguu. Permi ya kuendesha nilikuwa nayo. Niliifanyia mtihani kabla ya kuolewa, nikafaulu mara ya kwanza, kisha ikakaa kabatini miaka sita pamoja na kadi za ubatizo za watoto.

Kila nilipoomba ufunguo alinijibu kwa mzaha. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, tulipotakiwa sote kuitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na yeye neno hilo alilitumia pale tu alipotaka kunitania. Jumapili moja, mbele ya rafiki zake wawili waliokuja kunywa bia, aliinua kapo, kile kifuniko cha injini, akanionyesha moteri iliyofunikwa na mafuta meusi na vumbi la miaka.

"Citoyenne, angalia," akasema. "Siku utasafisha hii moteri wewe mwenyewe, na iwake, utaendesha. Nasema mbele ya bandugu hawa."

Wakacheka wote watatu. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu. Kesho yake akapanda lori kwenda Bunyakiri kwa kazi ya wiki moja, akaniachia ufunguo niwashe gari mara moja moja ili betri isife. Kuwasha niliruhusiwa. Kulisogeza, hata hatua moja, hapana.

Tulikuwa tunakaa na mama yake, mkulima wa kutoka Mwenga, aliyekuja kunisaidia nilipojifungua mtoto wa tatu na ambaye hakuonyesha dalili ya kurudi. Katika jambo la gari alikuwa upande wa mwanawe. "Muke akishika gari, nani atashika mutoto?" aliuliza, na swali hilo yeye aliliona limekwisha kujibiwa. Mimi sikumjibu. Mama mkwe hajibiwi, na kwetu hata kumtazama usoni kwa muda mrefu ni utovu wa adabu.

Jumamosi bwana wangu alitarajiwa kurudi jioni. Asubuhi tulikwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mitaro, na niliporudi na jembe langu nikajiambia kwamba mikono imekwisha kuchafuka, basi na iendelee. Nilifunga vikwembe viwili vya zamani, maana suruali kwa mwanamke ilikuwa imepigwa marufuku, hata kwa mwanamke anayetaka kuinama ndani ya gari.

Kazi ya kusafisha moteri nilikuwa nimeiulizia vizuri kwa kaka yangu, fundi. Moteri iwe baridi kabisa, kwa hiyo sikuwa nimeiwasha tangu Alhamisi. Nilifungua kwanza waya wa hasi wa betri. Nikafunika kwa mifuko ya plastiki dinamo, mdomo wa kabireta, na delko, kile kikombe cheusi kinachogawa umeme, nikaifunga mifuko hiyo kwa vipande vya kitambaa. Chini niliweka beseni kuukuu ili uchafu usitiririkie maharage yetu. Kisha nikachukua brashi na mafuta ya taa kidogo kwenye kopo. Wanaume wa mtaa wetu walisafisha kwa esanse, yaani petroli, sigara mdomoni, wakajiita mafundi. Kaka yangu aliniambia esanse hushika moto kwa harufu yake tu, na kwamba hata mafuta ya taa si ya kuchezea.

Nilikuwa nimesugua nusu saa, weusi umeanza kuachia na chuma kuonekana, nilipoona miguu ya mama mkwe inakuja. Alikuwa amebeba mbabula yenye makaa mekundu na mahindi mabichi matatu. Alitaka kuchoma mahindi yake kwenye kivuli cha gari, huku akitazama nitakavyoshindwa.

"Maman! Toa moto!"

Sauti ile, ingawa ilitoka kinywani mwangu, sikuijua. Majirani waliinua vichwa. Mama mkwe alisimama kama aliyepigwa kofi, akageuka polepole, akaipeleka mbabula nyuma ya nyumba. Nilibaki na brashi yangu inayodondosha mafuta. Niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa moto wenyewe. Nilifikiri: gari nimelikosa, na sasa na ndoa.

Akarudi bila mahindi, akavuta kigoda, akaketi.

"Nielezee," akasema.

Nikamweleza habari ya mafuta na moshi wake usioonekana. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sauti kama ile, kumbe uko nayo," akasema. "Sasa juu ya nini hauitumie kwa mutoto yangu?"

Hakungoja jibu. Alikunja mikono ya blauzi, akachukua kitambaa, akaanza kusugua moteri ya mwanawe jinsi alivyosugua sufuria, akiisema kwa Kilega maneno ambayo, kwa bahati nzuri, siyajui. Tukamaliza pamoja. Nikamwambia kwamba sasa tutasuuza kwa maji ya sabuni, kidogo kidogo, kwa kikombe. Hapo mtoto akalia ndani, nikaenda kumtazama. Niliporudi nikamkuta mama mkwe anaweka ndoo chini. Ilikuwa tupu. Aliimwaga yote mara moja, kwa sababu sufuria haisuuzwi kwa kikombe.

Tukafuta kila kitu, nikatoa mifuko, tukaacha kapo wazi juani hadi harufu ya mafuta ikaisha. Moteri iling'aa. Nikarudisha waya wa betri, nikageuza ufunguo. Ikakohoa. Nikageuza tena, ikakohoa na kunyamaza. Mara ya nne nikaacha, nisije nikaimaliza betri, nikaegemea usukani nikalia. Sitaki kujifanya shujaa: nililia kama mwanafunzi wangu wa darasa la pili. Niliyaona meno ya wale wanaume watatu, na kila asubuhi ya matope iliyobaki katika maisha yangu.

"Wacha kulia, kuya uone," mama mkwe akaniita. Alikuwa ameinamia moteri. "Maji iko mu hizi shimo."

Yalikuwa mashimo manne, membamba na marefu, na ndani ya kila moja buji, ile plagi inayotoa cheche, ilikuwa imesimama katika maji. Kitambaa hakikufika chini. Kuzifungua buji vile vile kungeyaangusha maji ndani ya moteri. Mama mkwe akafikiri kidogo, akaingia nyumbani, akatoka na pwari.

Kwa asiyeijua, pwari ni mpira mwekundu wenye umbo la peasi na mdomo mrefu, ambao kwetu hutumiwa kumtia mtoto dawa kwa njia ya nyuma akiumwa tumbo. Ya mama mkwe ilijulikana mtaa mzima, kwani dawa yake haikukosa pilipili. Watoto waliokuwa wakicheza uani walipoiona, walitawanyika hadi barabarani bila kuuliza ni zamu ya nani.

Aliiminya, akaingiza mdomo wake shimoni, akaiachia. Ikanyonya. Akayaminya maji kando, akaingiza tena. Mashimo yote manne aliyakausha kwa utulivu wa mtu aliyelea watoto tisa, kisha akapuliza hewa kavu ndani huku mimi nikipangusa nyaya. Nikageuza ufunguo.

Ikawaka! Nilipiga kigelegele peke yangu. Mama mkwe alinawa mikono, akafunga kitambaa chake kichwani vizuri, akafungua mlango wa mbele, akaketi.

"Twende Nyawera."

"Maman, bwana alikataza kuisogeza."

"Ile alikataza ilikuwa chafu."

Tukaenda. Nilishuka kilima taratibu, jasho likinitoka, yeye akiwasalimu watu dirishani ambao hata hawakuwa wametuona. Pale Nyawera, karibu na soko, lori la Bunyakiri lilikuwa linashusha watu, na katikati ya magunia alisimama bwana wangu, mwekundu kwa vumbi, na kuku kwapani. Nikasimamisha gari mbele yake. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Akafungua kapo, wabeba mizigo wakamzunguka, akaigusa moteri haraka kwa kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa kisafi.

Akafunga kapo, akaja upande wangu.

"Muzuri, citoyenne. Shuka sasa, niendeshe."

Naona aibu kusema, lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika kitasa.

"Wewe panda nyuma," mama yake akasema, bila kugeuza kichwa.

"Lakini maman..."

"Na ushike kuku yako muzuri."

Akapanda nyuma. Nikaachia kitasa, nikatia gia ya kwanza.