Kutua na Kubwaga

Mke wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima unamwita Milimita. Jina hilo alipewa na wateja waliochoka kungoja, maana hachomelei kitu kabla hajakipima mara tatu. Hata mimi, siku ya kwanza kuonana, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni nikahisi nitakatwa.

Mwaka huu dada yake, mwenye duka la nafaka, alimwomba amjengee dari ya kuwekea magunia. Milimita akatumia boriti za chuma chembamba, zile za bati nene lililokunjwa likawa na mgongo na midomo miwili. Ni nyepesi na zinabeba sana. Alipomaliza, mimi na yeye tulipandisha magunia ishirini, moja moja, tukayalaza kama tunamlaza mtoto. Yakakaa wiki nzima. Kila asubuhi alipima kwa uzi. Boriti zilipinda kidogo siku ya kwanza, basi, hazikuongeza. Magunia yakauzwa, dari ikabaki wazi ikingoja mzigo mpya. Dada akaweka meza yake chini ya dari hiyo, akasema hapo ndipo atakapozeekea.

Mtu mwingine angelala usingizi wa pono. Wangu hakutulia. Anachezea chakula, anainuka, anakaa, anarudi dukani na uzi wake. Ukimuuliza kuna nini, anasema hajui, na ndiyo maana anaogopa. Nilichoka, nisifiche. Mchana mmoja, nikiwa kwenye cherehani yangu, nikamwambia, "Bwaga moyo, mke wangu. Mzigo ulitua, ukatulia."

Akanitazama kama niliyemtukana.

"Wachukuzi wa dada hawatui," akasema. "Wanabwaga."

Akatoka mbio, miguu mitupu. Nikamfuata na futi yangu shingoni. Dukani lori lilikuwa limefika, na mchukuzi wa kwanza alikuwa anapanda ngazi, gunia begani. Milimita akamsimamisha, akamtaka dada yake atoke chini ya dari. Dada akagoma, eti ana wateja, na mdogo wake anamtia aibu. Mke wangu hakubishana. Alimwinua pamoja na kiti chake, akampeleka nje. Kisha akamwambia mchukuzi, akiwa palepale ngazini, alibwage gunia kama alivyozoea.

Ulisikika mlio mdogo, kama kopo linapobonyea. Boriti haikukatika, lakini mdomo wake ulikuwa umejikunja. Chuma hicho, alinieleza baadaye, hustahimili uzito unaokuja kwa adabu. Ukija ghafla, mdomo hukunjamana kabla mgongo haujajua.

Dada alipatazama pale alipokuwa ameketi. Mke wangu alilia mbele ya wachukuzi. Mimi niliona haya kwa ile bwaga moyo yangu.

Alirudia kazi yote. Alizikutanisha boriti mbilimbili, mdomo kwa mdomo, akazichomelea zikawa kama masanduku marefu. Siku ya kujaribu akaketi yeye kwenye kiti cha dada yake, chini ya dari. Nilimzuia, sikusikilizwa. Mchukuzi akaingiwa na huruma, akaliweka gunia taratibu.

"Nimesema bwaga," mke wangu akasema.

Akabwaga. Vumbi likamwangukia Milimita kichwani. Akapanda na rula yake, akapima, akapima tena, akapima mara ya tatu. Ndipo akamwita dada yake arudishe meza.