Spika Upande wa Pili wa Pazia

Ukitaka kumwudhi mpiga gitaa, mnyime sauti yake mwenyewe. Mimi nilinyimwa, na hata leo nikikumbuka damu huchemka.

Ilikuwa miaka ya themanini. Siku za kazi nilipakia masanduku kwenye ghala huko Landover, ughaibuni. Jumapili mchana nilipiga gitaa katika kikundi kidogo cha taarabu. Kiongozi wetu, mtu wa Mombasa, aliimba na kupiga kinanda. Harusi nyingi zilikuwa Adelphi, si mbali na hapo, katika ukumbi wa chini ya jengo la fleti, na kwenye sherehe ya wanawake sisi wanaume tuliketi nyuma ya pazia la shuka. Hilo sikulilalamikia. Akina mama wana haki ya kuvua mabuibui wakacheza bila kutazamwa.

Nililalamikia spika. Kiongozi alishikilia kwamba shuka humeza sauti, kwa hiyo spika ya gitaa langu akaivusha upande wa wanawake, ikatupa mgongo. Ya kinanda chake aliiacha kando ya goti lake.

Nikueleze taratibu, maana huenda hujawahi kushika gitaa la umeme. Lenyewe mikononi halitoi sauti ya maana. Sauti iko kwenye spika. Spika ikikupa mgongo unasikia mngurumo tu, na ngoma zinaufunika. Usipojisikia, unakwaruza kwa nguvu. Ukikwaruza kwa nguvu, nyuzi zinahama sauti, nawe huna habari.

Harusi moja, sauti ya mama ikapenya pazia: "Jamani, hilo gitaa au friji?"

Vicheko. Kiongozi akanigeukia. "Umesikia? Ukiniaibisha tena, kile kipande chako nakipiga mwenyewe."

Kipande hicho kilikuwa kifupi, kati ya ubeti na ubeti. Nilikitunga mwenyewe, na katika nchi ile sikuwa na kitu kingine ambacho watu walikijua kuwa changu.

"Bwana mkubwa, sijisikii. Irudishe spika huku."

"Hatuyapigii masikio yako, ndugu yangu. Wenye harusi ni akina mama."

"Basi peleka na ya kinanda."

Akajifanya anatengeneza maikrofoni. Kama sauti ya yule mama ilipenya shuka kuja kwetu, kwa nini ya gitaa isipenye kwenda kwao? Nilimuuliza hivyo. Akaanza wimbo mwingine.

Harusi iliyofuata niliwahi kufika. Spika nikaiweka juu ya kiti nyuma yangu, uso wake ukielekea kichwa changu na pazia pamoja. Wewe unayeanza, jaribu hivyo. Wala usione haya kudai masikio yako. Kiongozi alipokuja, akaishika aivushe.

"Ikienda, nami naenda," nikamwambia.

Akina mama walikwishaanza kupiga makofi, wanataka wimbo. Akaiachia, amenuna.

Nikausikia kila uzi. Nilipiga kwa ulaini, kwa kuwa sikuwa na wa kushindana naye. Kilipofika kipande changu, kiongozi akanyoosha mkono, akakipiga kwenye kinanda juu yangu, makusudi kabisa. Sikuacha.

"Wewe wa kinanda!" mtu akapaza sauti toka upande wa pili. "Hebu tupishe tusikie gitaa!"

Akaondoa mkono. Samahani hakuisema, na siku hiyo ningeisikia.