Nzi Niliomfugia Mkaguzi

Bora aibu hii muisikie kwangu kuliko kuisikia sokoni Bunda ikiwa imeongezwa chumvi (ingawa haihitaji chumvi), maana mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu, niliyezoea kugombeza kijiji kizima, nilijichafua mchana kweupe na kopo langu mkononi.

Tuko kikundi cha wanawake hapa Buswahili, tuna miembe, ile ya kupandikiza, na msimu uliopita kampuni moja ikakubali kuchukua maembe yetu yaende nje kwa ndege. Masharti yakaja mengi kuliko maembe. Embe lisiguse udongo, lisiwe na doa, lichumwe na kikonyo chake, na kubwa kuliko yote huko nje hawataki kabisa nzi wa maembe, yule anayetaga ndani ya tunda ukalikata ukakuta funza. (Sisi funza tunamtoaga kwa kisu tukaendelea kula, lakini wenzetu roho zao nyepesi.)

Bwana shamba akatugawia mitego, makopo ya plastiki yenye dawa ya kuvuta nzi, tutundike mitini. Akasema, "Mkaguzi atakuja kuhesabu nzi walionaswa. Hapo ndiyo tutajua maembe yanaenda au hayaendi." Akawasha pikipiki, akaondoka zake.

Sasa nyie niambieni. Toka nimezaliwa sijaona mtu wa ofisi akahesabu kitu akafurahia uchache. Wakihesabu ng'ombe waliochanjwa wanataka wengi, wakihesabu vyoo wanataka vingi, wakihesabu watoto walioandikishwa shule wanataka wengi. Nikajua na nzi ni hivyo hivyo, nzi aliyefia koponi hayupo tena kwenye embe, basi mwenye kopo lililojaa ndiye mchapakazi.

Na kopo langu lilikuwa linatia huruma, maana kila embe lililoanguka nilikuwa naliokota na kulifukia kama tulivyofundishwa, nzi wafuate nini? Nikalitoa mtini nikalipeleka nyuma ya jiko, nikarundika chini yake maembe yaliyooza na mapera yaliyopasuka, nikaliacha hapo. Nzi wakaja kama watu wa msiba waliosikia kuna ng'ombe amechinjwa.

Ningenyamaza basi, lakini mdomo huu! Nikapita kwa jirani yangu Mama Bhoke, nikachungulia kopo lake, halina kitu.

"Mama Bhoke, hili umelitundika kama pambo la Krismasi?"

"Nzi hawaji, mama, nifanyeje?"

"Uvivu wako utatuangusha kikundi kizima," nikamwambia, na mbele ya wenzake.

Asubuhi ya ukaguzi nikarudisha kopo mtini. Mkaguzi akafika, binti mwembamba mwenye miwani, bwana shamba nyuma yake, na wanakikundi wote. Makopo ya wenzangu akayafungua, akaandika kidogo tu daftarini, akapita (nami nikawaonea huruma). Kufika kwangu sikumsubiri, nikalishusha mwenyewe nikamkabidhi kwa mikono miwili. Binti akafungua, akarudi nyuma hatua.

"Bibi, hawa wote wamenaswa hapa?"

"Hapa hapa, mwanangu. Na wengi wamekosa nafasi, kopo ndiyo lilikuwa dogo."

Akafunga daftari lake. Akamwambia bwana shamba kwamba kule yanakokwenda, likikutwa embe moja lina funza wanateketeza mzigo wote, na kwa nzi hawa hawezi kuruhusu hata embe moja la kikundi, miti yetu imepakana.

Nikamwangalia bwana shamba. "Kumbe wanatakiwa wachache?"

"Bibi, sasa nani anataka nzi?"

Nikiwaza kunyamaza, nawaona wanawake wale, wengine walishaacha hata kuuza Musoma wakisubiri ndege hiyo. Nikasema, kwa sauti ileile ninayogombezea watu, "Binti, hao nzi si wa miembe. Niliwafuga mimi." Nikampeleka nyuma ya jiko nikamwonesha lundo langu, linanuka, linavuma.

Mama Bhoke akauliza, "Mama, na chanjo walipata?" Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Bwana shamba naye akacheka, yeye ambaye angesema neno moja tu, wachache, nisingefika pale. Nilimwambia hivyo hivyo, akaacha kucheka.

Binti akaamuru lundo lifukiwe kwenye shimo refu, akatundika mitego mipya kwa mkono wake, akarudi baadaye kuhesabu upya. Wenzangu wakapita. Miembe yangu, kwa kuwa nzi walishakaribishwa na kuzoea, ikaambiwa isubiri msimu mwingine. Siku gari lilipokuja kupakia, Mama Bhoke aliketi mbele na dereva, mimi nikabeba ndoo zangu kwenda Bunda, na wateja wakawa wananiuliza kama embe linauzwa pamoja na mfugo wake.

Basi nimeapa. Juzi kaja kijana wa mifugo, anasema, "Bibi, nahesabu kuku." Nikasimama mlangoni nikamuuliza, "Unataka wengi au wachache?" Akaniangalia, akaangalia karatasi yake, akasema atauliza ofisini. Mpaka leo hajarudi, na kuku wangu hawahesabiwi mpaka ajibu.