Kisu cha Kukunja cha Mjomba

Harufu ya asali mbichi hunirudishia kisu cha kukunja cha mjomba. Alikichagua dukani kwa kung'aa tu. Makali hakuyajaribu hata kwa ukucha. Alikatia masega ya asali, akakikunja bila kukiosha, akazunguka nacho Tabora nzima kama bwana shauri wa enzi za mkoloni.

Siku mbuzi wetu aliponyongwa na kamba yake, mama aligeuka akimbilie kisu cha jikoni, ili mbuzi achinjwe kabla hajafa.

"Acha, dada, ninacho," akasema mjomba.

Nta ilikuwa imegandia kwenye bawaba ya kisu. Alivuta makali kwa kucha, akayang'ata kwa meno, kisu kisifunguke. Mbuzi akafa kibudu, nyama yote ikawa ya mbwa.

"Hiki ni cha Uingereza," akajitetea.

"Basi kilambe," mama akamjibu, "kina asali."