Chumba Ambacho Mama Alikataa Kukitoa

Harufu ya nta nyekundu ya sakafu, ile iliyolainishwa kwa mafuta ya taa, ndiyo iliyonilea. Mama alikuwa mkutubi wa maktaba ya umma pale Sumbawanga mjini, na mimi, binti yake Atu, nikitoka shule nilisugua sakafu ya chumba cha kusomea kwa kipande cha blanketi chini ya mguu, huku na huko, mpaka madirisha yaonekane chini kama kwenye kioo. Wasomaji waliacha viatu kibarazani, maana mvua za Ufipa hazina mzaha na tope lake haling'oki. Mabuti ya wakulima, kandambili za wanafunzi na viatu vya ngozi vya makarani vilikaa pamoja mlangoni bila kuulizana cheo. Mama alitokea Mbeya, na kuna waliosema ametuletea kiburi cha kwao. Nasema kweli, kiburi alikuwa nacho, tena cha kutosha ukoo mzima.

Msimu ninaoukumbuka kuliko yote ni ule ambao mbolea ya wakulima ilifika kabla ghala halijaezekwa upya. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati, na hakuna aliyejishughulisha nayo. Mkubwa mmoja wa ofisini, bwana mwenye kitambi na sauti ya upole, akaja kumwambia mama kwamba mifuko itawekwa kwenye chumba cha kusomea, kwa muda tu. Mama aliijua hiyo "kwa muda". Chumba cha vitabu vya watoto kilichukuliwa kwa muda nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mpaka siku hiyo kilikuwa kimejaa viti vibovu na matairi. Mifuko ingeingia, vitabu vingeoza, na wanafunzi wasio na taa nyumbani wasingekuwa na pa kwenda. Mama akasema hapana. Bwana yule akacheka, akamkumbusha kwamba nyumba tunayolala ni ya serikali. Nilimchukia mtu yule, na sijaacha.

Jumapili tulipotoka kanisani mama hakunipa hata nafasi ya kubadili gauni. Tulipaka nta juu ya nta mpaka mabega yakaniuma. Nilipouliza kulikoni, alinijibu tu, "Atu, sugua. Chumba cha serikali lazima kipendeze." Kesho yake asubuhi lori likafika na makuli, wakiongozwa na Mzee Kalisto, mkulima wa mahindi na ulezi kutoka Mollo, ambaye alibeba mizigo mjini siku ambazo hakuwa shambani. Mkubwa alikuja nao.

"Karibuni," mama akasema, mpole kama si yeye. "Ila sheria ya humu mnaijua. Viatu nje."

Kuli wa kwanza akavua, akajitwisha mfuko, akaingia. Hakufika mbali. Miguu ilimtangulia, mfuko ukapasuka, naye akabaki amekaa chini anatazama dari, huku wanafunzi waliokuwa likizo wakiziba midomo wasicheke. Wa pili alichungulia tu mlangoni, akarudi. Mkubwa akafoka, sauti ya upole yote imemwishia: "Vaeni viatu muingie! Hapa ni msikitini?"

Hapo mambo yakaenda mbali kuliko hata mama alivyotarajia. Mzee Kalisto, ambaye kila akija mjini alipita kusoma gazeti, akaurudisha mfuko wake kwenye lori.

"Bosi," akasema, "mimi humu nimevua viatu tangu mtoto wangu wa kwanza hajazaliwa. Leo nivae kwa sababu ya mbolea? Mbolea ni yetu sisi wakulima, na tunataka ikae ghalani. Tupeni mabati, tutaezeka wenyewe."

"Eeh, leteni mabati!" wenzake wakaitikia.

Lori likageuka. Mabati yakapatikana siku hiyohiyo, sijui yalikotoka, maana tulikuwa tumeambiwa hayapo. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilielewa vizuri kabisa kwamba yalikuwapo muda wote.

Mama hakuachwa hivihivi. Alihamishiwa masjala kupanga mafaili, na nyumba tukanyang'anywa. Tukahamia chumba kimoja uani kwa familia ya Kifipa iliyotupa unga wa ulezi bila kutuuliza tumekosa nini. Nililia kwa ajili ya kitanda changu. Yeye sikumsikia akijuta. Wakubwa walipobadilishwa akarudishwa maktaba, akapanda cheo baada ya cheo mpaka akawa afisa mwandamizi, akapeleka vitabu Milepa na Kasanga, kote alikoambiwa kwamba watu hawasomi. Katika chumba kile haujawahi kulala mfuko wa mbolea.

Mwaka huu amestaafu. Siku hizi naona maofisini vijana wakisema ndiyo kabla mkubwa hajamaliza sentensi, na wanasifiwa kwa hilo. Kwenye sherehe ya kumuaga, mshereheshaji, kijana nadhifu mwenye suti, akasoma wasifu wake: mtumishi mtiifu, ambaye hakuwahi kumpinga kiongozi. Ukumbi ukapiga makofi. Mama akainuka taratibu kwa sababu ya magoti, akaomba kipaza sauti.

"Nashukuru, wanangu," akasema. "Ila hilo la utiifu lifuteni. Ningekuwa mtiifu, wengi wenu humu msingekuwa na mahali pa kusomea."

Watu wakatazama sahani zao. Nikasimama, nikapiga makofi peke yangu, na sikuacha.