Unga wa Binti Mfalme

Siku ya kwanza kazini, pale saluni ya mtaa wa Albert Park, Patronne, mama mwenye saluni, hakunipa kitana. Alinipa kitabu. "Shika hapa nikisuka, na ufungue ukurasa nikisema."

Kilikuwa cha Kifaransa, bila jalada. Binti mfalme mmoja wa zamani anasimulia maisha yake: kuozeshwa, wivu wa mashangazi, na nywele. Nywele hasa! Patronne alisuka huku akitutafsiria. Ndiyo shule yangu, sikuwa na ingine. Hapo nilijifunza kufungua njia, yaani kugawa nywele na mkia wa kitana, na kuunga mèches, zile nywele za kununua, bila fundo kuonekana.

Nimestaafu kusuka nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Msicheke, vidole vilivyochoka ni vyangu.

Jumamosi moja akaingia Clarisse, bibi harusi wa siku hiyo, analia. Mama mkwe wake, aliyejisifu kila mahali kwamba aliishi Ulaya, alikuwa anatangaza kuwa msichana ni mshamba, ataaibisha familia kanisani.

"Patronne, nifanye nikuwe mkubwa mbele yake."

Patronne akasoma: binti mfalme alijengewa nywele kama mnara, halafu akapakwa poudre.

"Poudre ni nini?" nikauliza.

"Unga. Kimbia!"

Nikakimbia, nikarudi na unga wa mahindi. Anayesema Patronne alikosea, aje tupigane. Aliomba unga, unga ukaja!

Tukamjengea Clarisse mnara, tukaupaka unga, mnara ukakataa kuingia ndani ya taxi. Tukatembea. Pale kwenye robot, zile taa za barabarani, mvua ikaanza. Kufika mlango wa kanisa, uji unashuka mashavuni.

Mama mkwe akasimama. "Hii iko nini kichwani?"

Damu ikanipanda. "Maman, hii ni ya ikulu ya Ufaransa! Wewe si uliishi Ulaya? Hauijui?"

Wageni wote wakamgeukia yeye.

"Naijua!" akasema. "Eish, nani haijui? Hata mimi nilikuwa napakwa." Akamshika Clarisse mkono, akaingia naye, kichwa juu.

Leo nauza simu, na wasusi wadogo wananiuliza siri ya kazi. Nawaambia: nywele ni rahisi, kwanza mjue mteja anamwogopa nani. Maana wiki moja baada ya harusi ile, mama mkwe mwenyewe alikalia kiti chetu.

"Nataka ile ya kifalme," akanong'ona. "Lakini mimi ni mama mkwe. Mniwekee unga wa ngano."